Tumepanda mikoko mara mbili na yote imekufa: kikundi chetu kifanye nini?

SWALI: Assalamu alaykum, shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana wa kujitolea Wilaya ya Wete, Pemba. Tulianza watu 41, wake kwa waume. Mwaka juzi tulipanda mikoko 3,000 pwani, mwaka jana tukapanda mingine 2,000. Wageni walikuja, tulipewa fulana, tukapiga picha. Yote imekufa. Sasa siku ya kazi tunafika watu kumi au kumi na mmoja, na wazee wanatwambia tunalisha kaa. Baadhi ya wenzangu wanataka tuachane na mikoko tufanye usafi wa pwani au tuchangie damu. Wengine wanasema bora tujiunge na klabu kubwa kama Rotary, maana sisi wadogo hatuwezi kitu. Na je, ni lazima tusajiliwe? Tufanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudi macho yananikaa pale pa wazee na kaa. Yasikuumize maneno hayo. Wazee wenu wanaijua pwani ile, na siku mnakwenda kupanda hakuna aliyewauliza. Mengi ya nitakayokwambia yanatoka hapo.

Hukunieleza mlipanda wapi hasa. Lakini kwa kuwa miche ilikuwa elfu tatu na wageni walisimama wakapiga picha, nakisia ni kwenye tope tupu, upande wa bahari, mbele ya mikoko iliyopo. Vikundi vingi hupelekwa hapo. Pana nafasi, hapana mti, hapana anayedai ni pake, na mtu akipatazama anaona panangoja kupandwa. Sasa jiulize: kwa nini hapana mikoko? Mikoko ya jirani inaangusha mbegu kila mwaka, na maji yanazichukua yakizitembeza pwani nzima tangu kabla ya babu zetu. Kama mahali fulani hazikushika miaka yote hiyo, ipo sababu, na sababu hiyo haiondoki kwa sababu sisi tumekuja na mapakacha ya mbegu.

Mara nyingi sababu ni maji kukaa muda mrefu. Mkoko ni mti wa bahari, ndiyo, lakini mizizi yake inavuta pumzi. Ile mizizi inayosimama kama miguu ya kaa, na ile ya mchu (aina moja ya mikoko) inayochomoza topeni kama vidole, yote imejaa vitundu vya kupitisha hewa. Mche mchanga haujawa na mizizi hiyo. Ukiuchomeka mahali ambapo maji yanaufunika sehemu kubwa ya siku, unazama kama anavyozama mtu, ila wenyewe unachukua miezi. Kwa kawaida mikoko inaishi nusu ya juu ya pwani, baina ya usawa wa katikati na pale yanapofika maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi kuandama na mwezi mpevu. Kwetu Pemba na Unguja, siku za bamvua kubwa tofauti ya maji kupwa na kujaa inakaribia mita nne, kwa hiyo kwenye tope lililo tambarare shubiri moja tu ya kimo inaweza kuamua mche uishi au ufe.

Hili sikulijua kwa kusoma. Miaka mingi nyuma nilisimamia kikundi kimoja kaskazini ya Pemba, tukapanda kwa kamba, mistari imenyooka inapendeza. Baada ya miezi minne nikarudi kuhesabu. Vijiti vilikuwepo bado, lakini vimevaa vikombe vidogo vyeupe, vigumu kama chokaa, kutoka chini mpaka ncha, na jani hata moja hakuna. Alikuwepo bibi mmoja anaokota chaza, kanga kaifunga kiunoni, pakacha ubavuni. Akang'oa kijiti kimoja, akakifuta tope kwa kidole gumba, akaninusisha. Chini kilikuwa cheusi, kinanuka yai viza. Akasema, "Huyu kazama huyu. Hapa maji hayatoki ila bamvua." Kisha akaenda juu kuelekea nchi kavu, nami nyuma yake, mpaka pale tope lilipoanza kuwa gumu na mguu ukawa unazama kisigino tu. Akainama akatenga majani makavu kwa mkono. Miche iliyoota yenyewe, yenye majani mawili, yenye majani manne. Baina ya miguu yake na yangu nilihesabu kumi na tisa. Siku ya kupanda tulipita juu ya miche kama ile, watu themanini, tukiishusha mbegu zetu kule chini.

Niliona haya siku ile. Tangu hapo sipandi mahali bila ya kutafuta kwanza miche iliyoota yenyewe, maana ndiyo inayoonyesha maji yanaporuhusu. Ikiwa ipo ya kutosha, kazi ya kikundi ni kuilinda: isikanyagwe, isipitiwe na mbuzi na ng'ombe, isikatwe na wakata fito na wachoma chokaa. Kupanda hakuhitajiki hata kidogo.

Na ikiwa haipo lakini kimo cha mahali kinafaa? Hapo angalieni kama maji yamezibiwa njia. Pemba tuna mashamba ya chumvi yaliyoachwa, na matuta yake yamebaki. Ndani ya tuta maji ya kujaa hayaingii, au yakiingia hayatoki, jua linayakausha, chumvi inapanda mpaka hata mchu, ambao unastahamili kuliko wenziwe, unashindwa. Mahali kama hapo kupanda ni kupoteza nguvu. Watu kumi wenye majembe na mitaimbo wakilikata tuta penye mkondo wa zamani, maji yakaanza kupwa na kujaa kama zamani, bahari yenyewe italeta mbegu. Nasisitiza penye mkondo wa zamani. Wazee wanaukumbuka. Lakini kabla ya kukata jueni shamba ni la nani, na tuta lile linazuia nini. Pengine nyuma yake kuna bonde la mpunga, na maji ya chumvi yakiingia humo mtakuwa mmewatia wenzenu njaa. Watu wa Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wanajua vizuri bahari kuingia kwenye mashamba ni kitu gani.

Pakihitajika kupanda kweli, pandeni kidogo na pandeni sawa. Kila mti una pahali pake. Mlilana huwa mbele kabisa baharini, mkoko wenyewe (ule wenye mizizi kama miguu ya kaa) unafuata, kisha mkandaa, na mchu mara nyingi unakuta nyuma karibu na nchi kavu (ingawa wakati mwengine huonekana mbele pia). Majina yanabadilika kijiji kwa kijiji, kwa hiyo onyeshaneni mti wenyewe. Vikundi vingi hupanda mkoko peke yake kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomeka. Ukiupeleka mkoko penye makao ya mchu, usishangae ukifa. Mbegu ya mkoko huwa tayari pale shingo yake, chini kidogo ya kofia, inapogeuka rangi ya manjano. Iliyo kijani bado changa. Itazameni isiwe na tundu la mdudu. Ipandwe ndani ya siku chache, ncha yenye kuchongoka chini, theluthi yake iingie topeni, na baina ya mche na mche iwe hatua moja kubwa. Mia mbili kwa siku zinatosha. Ndiyo, mia mbili.

Na kaa? Kaa kweli wanakula mbegu, wazee hawakusema uongo. Lakini wamekula mbegu za mikoko siku zote na mikoko ipo. Mahali panapofaa, nyingi zitaliwa na nyengine zitapona.

Yote haya yafanyeni kwa ruhusa. Mikoko inalindwa na Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, na sheria hiyo hiyo inaruhusu wanavijiji kuwekeana makubaliano na Serikali wausimamie msitu wao wenyewe. Anzeni kwa sheha (kiongozi wa serikali kijijini), kisha muende kwa maofisa wa misitu wa wilaya. Baada ya hapo nendeni kwa wenye pwani, na hapa nasema na wewe kama mzazi: kabla ya kuweka kijiti hata kimoja, ulizeni diko (pahali pa kufikia vyombo) liko wapi, ngalawa zinapita wapi, kina mama wanalima mwani wapi, wanaokota chaza wapi. Nimeona miche iliyong'olewa usiku, watu wakalaumiwa kwa ujinga, kumbe ilipandwa kwenye njia ya vyombo vyao. Sikuona kosa lao.

Wala msidhani wazee na wavuvi watawasikiliza kwa sababu mna karatasi. Kule Misali, kisiwa ambacho jadi inasema Nabii Khidhri alikifanya msala wake, mwishoni mwa miaka ya 1990 uhifadhi ulielezwa kwa wavuvi kwa mafunzo ya Qur'ani, masheikh wakiwa mbele. Watu waliokuwa hawajali amri juu ya bahari walisikia walipoambiwa kwamba bahari ni amana. Mna imamu kijijini. Mpelekeni pwani, mumuonyeshe.

Sasa watu wenu. Kutoka 41 mpaka kumi na mmoja kunauma, najua, na wewe katibu ndiye unayebaki na daftari. Lakini watazame waliokwenda. Kijana alikuja siku ya kwanza, akachomeka mbegu sabini, akapewa fulana, akaenda zake nyumbani. Siku ya pili hapakuwa na kazi aliyokabidhiwa yeye. Miezi sita baadaye anaitwa tena achomeke mbegu pale pale zilipokufa za kwanza. Mimi nisingekuja.

Nakushauri uwagawe hawa kumi na mmoja wawili wawili (kundi moja litakuwa la watatu), kila wawili na kipande chao cha pwani, kidogo, kama uwanja wa nyumba. Kila wawili wafunge kamba ya makumbi kwenye miche hamsini, iliyopandwa au iliyoota, na wairudie baada ya mwezi mmoja, baada ya mitatu, na baada ya mwaka. Wanaandika mingapi hai, mingapi imekufa, imekufa vipi. Hizo ndizo hesabu za kusoma kwenye mkutano. Mkija kunambia kwamba miche 22 kati ya 50 imefika mwaka, nitafurahi kuliko elfu tano zenu zote, na mfadhili anayejua kazi naye atafurahi. Asiyefurahi mwacheni aende na fulana zake.

Siku ya kazi isiwe Jumapili ya kwanza ya mwezi. Bahari haijui Jumapili. Mkiweka siku ya kalenda, mara nyingi mtakuta maji yamejaa, watu wakae chini ya mnazi wapige soga, warudi. Fuateni mwezi kama wanavyofuata kina mama wa mwani. Bamvua linakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwetu siku hizo maji hupwa sana kwenye saa nne, saa tano za asubuhi. Chagueni Jumamosi au Jumapili iliyo karibu na bamvua la mwezi mpevu, mtakuwa na masaa mawili matatu ya kazi na kila mtu atarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Na mkifika wakati huo mtawakuta kina mama pwani, ambao ndio walimu niliokwambia. Mama anayelima mwani yupo pale kila bamvua. Mkimtia kwenye kikundi, akawa mjumbe wa kweli mwenye sauti, mmepata mlinzi ambaye hamtomlipa nauli.

Usafi wa pwani siukatai, ila una suala moja: taka mkishazikusanya zinakwenda wapi? Mpaka mpate gari ya halmashauri au shimo lililokubaliwa, mtazijaza kwenye mapolo, mtaziacha juu ya mchanga, na bamvua litazirudisha. Tafuteni jibu hilo kwanza, kisha mfanye.

Damu ni jambo jengine, na hapa ningependa mlifikirie kwa uzito kwa sababu linaweza kuwarudisha wale thalathini. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kungoja boti kutoka Unguja. Lakini damu nayo ina siku ya pili. Haiwekeki muda mrefu. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano au sita hivi, basi. Kwa hiyo ile siku kubwa ya mara moja kwa mwaka, watu arubaini kwa mpigo, inajaza jokofu mwezi mmoja na kuliacha tupu miezi mingine. Mwanamme anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne, mradi ametimia miaka 18, ana kilo 50 au zaidi, na wapimaji wamemuona yuko sawa. Gawaneni makundi manne, kila mwezi liende kundi moja. Kila mtu atakuwa anarudi baada ya miezi minne, hospitali inajua kila mwezi watakuja watu kumi, na hakuna anayechoka. Ramadhani ndipo wachangiaji wanapopungua, kwa hiyo kubalianeni mapema na watu wa damu salama kundi la mwezi huo liende baada ya futari. Asiyeweza kutoa damu awe mwenye daftari na mwenye kupiga simu, maana bila mtu huyo mpango wote unalala.

Kuhusu Rotary. Klabu ile ilianzishwa Chicago, Marekani, mwaka 1905, na watu wanne waliokuwa wakikutana ofisini kwa huyu leo na kwa yule kesho kwa zamu, ndiko jina lilikotoka. Leo inajulikana dunia nzima kwa kupambana na polio. Lakini kazi ya kwanza ya kuusaidia mji waliyoifanya pale Chicago ilikuwa kusaidia vipatikane vyoo vya umma karibu na jengo la halmashauri. Vyoo, mwanangu. Waliona watu wa mjini hawana pa kujisaidia wakalishughulikia hilo. Mkitaka kushirikiana na klabu za aina hiyo, shirikianeni, baadhi yao wana wataalamu na fedha, na ni watu wema. Waendeeni mkiwa na kipande chenu cha pwani na hesabu zenu za mwaka mkononi, ili mazungumzo yaanzie kwenye kazi yenu.

Na kwamba wadogo hamuwezi kitu, nendeni siku moja Kidike, kijiji wanakolindwa popo, si mbali na kwenu. Popo wa Pemba hapatikani kokote duniani ila kisiwani kwetu. Aliwindwa kwa nyama na misitu yake ikakatwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 makadirio yalikuwa wamebaki elfu tano au pungufu. Vikundi vya vijiji vikaanza kuwalinda, watoto wakasomeshwa skuli, na hesabu ya mwaka 2007 ilikuta kama 22,000. Kidike mgeni akija kuwaona analipa kiingilio kwa wanakijiji. Waliofanya kazi hiyo ni majirani zenu. Waulizeni walivyogawana ulinzi na walivyogawana fedha, kwa sababu la pili ndilo linalovunja vikundi kuliko mikoko iliyokufa.

Nanyi basi la fedha lipangeni sasa, mkiwa hamna kitu. Mshika fedha awe mmoja, wanaosaini wawe wawili, na kila baada ya miezi mitatu mapato na matumizi yasomwe kwa sauti barazani, sheha akiwepo, asiyekuwa mwanachama akiruhusiwa kuuliza. Mkipata mfadhili, mwambieni fulana hamzihitaji mara hii. Ombeni nauli za kurudia kuhesabu, viatu vya topeni, na glavu.

Usajili: kwa kazi ya kujitolea kijijini kwenu, muulizeni sheha kama mnaweza kuanza bila ya kungoja cheti. Mkitaka kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, kupokea fedha za wafadhili au kuingia mkataba, hapo lazima. Kwetu Zanzibar jumuiya husajiliwa kwa mrajis (msajili) anayeshughulika na jumuiya, kwa katiba yenu na orodha ya viongozi. Mkiwa na nia ya kuzalisha na kuuza, tuseme asali ya mikokoni, kagueni kwanza kama ushirika hauwafai zaidi, maana huo una mrajis wake. Katiba iandikeni wenyewe. Ile ya kunakili kwa wenzenu itakuwa na vifungu ambavyo hakuna atakayeviweza kuvieleza siku ya ugomvi.

Kazi ya kwanza ninayokupa ni hii. Mwezi mpevu ujao, wewe na wenzako wawili tu, bila fulana wala simu ya kupiga picha, mfuateni bibi mmoja anayeokota chaza mpaka pale mlipopanda. Mwambieni akwambieni maji yanakaa hapo kiasi gani. Kisha nendeni naye juu kuelekea nchi kavu mpaka mkute miche iliyoota yenyewe, mpime hatua kumi kwa kumi, muihesabu yote iliyomo, na muandike ni mti gani. Niandikie hesabu hiyo na jina la mti, na kutoka pale mlipopanda mpaka hapo ni hatua ngapi. Nitakujibu.